Fundi Viatu Aliyepanda Mwamba kwa Viatu vya Marehemu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Mama Soli ameketi mbele ya kibanda chake, magoti yamebana kiatu cha shule kilichoachama mdomo. Anapaka gundi, anapuliza, anasubiri ishike. Redio inaongea pembeni, lakini ukimuuliza mtangazaji amesema nini, hajui.

"Siisikilizi," ananiambia. "Nawasha tu ili pawe na mtu."

Ana miaka hamsini na mitatu. Ufundi huu aliachiwa na mumewe, aliyefariki miaka minne iliyopita. Mwanawe wa pekee anafanya kazi nchi ya mbali na hupiga simu kila Jumapili. "Dakika kumi," anasema mama huyu, "na tano kati ya hizo ni 'unanisikia, unanisikia?'"

Zamani kibanda kilipokea jozi kumi na tano kwa siku. Leo zikifika tano, anashukuru. Viatu siku hizi ni vya bei chee, vikiachia mtu anatupa. Kinachomuuma zaidi si hizo jozi kumi zilizopungua.

"Mtu alikuwa akileta kiatu kimoja anakaa saa nzima kunisimulia ya kwake. Sasa wananiachia mfuko, huyo, wameondoka."

Wateja wawili tu ndio hukaa. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Mwingine ni fundi umeme, mwanamume mwembamba anayeitwa Mjusi. Si mume na mke, ingawa wengi huwadhania. Wamepanda majabali pamoja kwa miaka thelathini, na viatu vyao vyembamba vya mpira hulika soli haraka.

Miezi miwili iliyopita walileta jozi tatu badala ya mbili.

"Hii ya tatu ya nani? Aje aijaribu," Mama Soli aliwaambia.

"Haji," Mjusi akajibu. "Ni ya mwenzetu. Tulimzika mwaka jana."

"Sasa kaka, mnaweka soli viatu visivyo na miguu?"

Neno lilishamtoka, na halirudi. Mjusi aliinamisha kichwa. Lakini Mwalimu alikuwa akiitazama miguu ya fundi, kubwa kidogo kwa mwanamke.

"Wewe unavaa namba ngapi, mdogo wangu?"

Viatu vya marehemu vilimkaa sawasawa, na kwa wiki tano walimfundisha vifundo vya kamba na mwendo kwenye jiwe fupi nyuma ya machimbo ya kokoto. Jumamosi ya sita, saa kumi na mbili asubuhi, walimpitia kwa gari kwenda kwenye mwamba wenyewe. Ulikuwa mrefu kuliko jengo lolote alilowahi kuingia. Juu yake hakuna ngazi wala msumari. Anayetangulia hupachika vipande vya chuma ndani ya nyufa na kupitisha kamba humo, na wa mwisho huving'oa akipanda. Mjusi angetangulia, Mwalimu angefunga msafara, yeye akae katikati.

Aliwatazama wakijiandaa. Mjusi alinyoosha mkono bila kugeuka, na Mwalimu akauwekea chuma kilekile alichokitaka.

"Niliwaonea wivu," anakiri. "Si kwa kupanda. Kwa ule mkono."

Mjusi alipanda akapotelea juu. Zamu ya Mama Soli ilipofika alikwenda vizuri hadi nusu ya njia, mahali mwamba unapofanya tumbo. Hapo hakumwona wa juu wala wa chini. Aliita, upepo ukala sauti. Mguu wa kushoto ukaanza kucheza wenyewe, bila ngoma.

"Nikamsikia mtu anaongea. Kumbe ni mimi, namwambia marehemu mume wangu kwamba bati la jikoni linavuja."

Kisha mguu uliteleza. Alishuka kama hatua mbili, kifua kikagonga jiwe, na kamba ikakaza kiunoni. Akabaki ananing'inia.

"Nilisubiri kuanguka, sikuanguka. Kuna mtu nisiyemwona alikuwa amenishika. Miaka minne, mwanangu, sijashikwa na mtu." Anaokota msasa, anausugua kwenye soli.

Alijikaza akapanda. Kileleni walikula mkate na mayai, na wale wawili wakaanza kumkumbuka mwenzao: alivyokuwa mwoga wa nyuki, alivyowahi kusahau kamba nyumbani. Walicheka pamoja. Yeye alikaa pembeni, vidole vinawaka moto, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mmenileta kwa sababu yangu au kwa sababu ya viatu?"

Mwalimu aliweka mkate chini. "Tulianza na viatu, mdogo wangu, sikufichi. Kupanda wawili kumetushinda. Tukifika hapa tunabaki kutazamana."

"Lakini ulipoteleza," Mjusi akaongeza, "nilikushika wewe, dada. Viatu havina uzito ule."

Walicheka wote watatu.

Jioni walimshusha mlangoni. Mikono ilikuwa imechubuka, na ndani hapakuwa na wa kumwonyesha. Kesho yake alimsubiri mwanawe kwa hamu.

"Nikamwambia, nimepanda mwamba. Akasema, 'Mgomba? Umeupanda wapi mama, na shamba huna?' Kabla sijamjibu, simu ikakatika."

Wiki tatu zimepita. Mwalimu hajapiga, Mjusi hajapita. Mama Soli amejiuliza kama walimwona mzigo, au lile swali la kileleni liliwachoma. Lakini hata yeye hajawapigia.

"Mimi huletewa viatu hapa. Kwenda kubisha hodi kwa watu sijazoea."

Anaweka chini kile kiatu cha shule, anafuta gundi vidoleni kwa kitambaa, anatafuta namba ya Mwalimu. Amekwishapanga maneno: atasema anataka kwenda tena, na kwamba safari hii angependa kufundishwa kupachika vile vyuma, ili siku moja atangulie yeye.

Simu inaita. Inaita mpaka inakata. Anajaribu ya Mjusi, nayo hivyohivyo.

Anaitazama simu, kisha anatazama mwanga wa jua barabarani.

"Si leo Jumamosi?" anasema. "Wako juu. Simu huwa wanaziacha kwenye gari."

Anavuta kiatu kingine.

"Nitapiga tena jioni, wakishashuka."