Siku Printa Ilipoamka Soni

Mpaka leo nikipita sokoni Soni siku ya gulio, wapo akina mama wanaoniita kwa jina ambalo wazazi wangu hawakunipa, wanasema, "Sijui-Ninachofanya huyo anapita," na mimi naitika, nifanyeje sasa, aibu ikishakaa mwilini muda mrefu inakuwa kama kovu la chanjo, ukiulizwa unakunja mkono wa nguo unaonyesha.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja huko juu, na pia katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa mboga. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, ushirika umelala, kila mtu anajitafutia soko mwenyewe, na wanunuzi wa Dar wanapanda milima na magari yao na kuchagua kabichi kama mtu anayechagua mchumba. Mmoja wao, Bwana Rajabu, ambaye alikuwa akipeleka mboga kwenye mahoteli, alituambia karoti zetu anazitaka kila wiki, ila ziwe kwenye maboksi yenye stika, jina la kikundi na mahali zilipolimwa, kwa kuwa wateja wake hawapokei tena boksi lisilo na jina. Mwenyekiti wetu, Mzee Singano, akauliza stika zinachapishwa wapi. Mtu akajibu Tanga. Hapo ndipo mimi (Mungu anisamehe huu mdomo) nikasema, "Tanga ya nini, mzee? Kompyuta ipo shuleni, nitachapa mwenyewe."

Kompyuta ilikuwepo kweli, na printa ilikuwepo, tatizo ni kwamba hazielewani. Kompyuta tuliachiwa na mgeni mmoja aliyewahi kujitolea kufundisha, na ndani yake hakukuwa na ule mfumo tuliouzoea bali Linux, mfumo wa bure unaotengenezwa na watu wa kila upande wa dunia. Programu ya kuiwezesha printa ilikuwa kwenye sidii, lakini ikiwa mbichi, yaani si kitu cha kubonyeza kikajipakia, ni maandishi yaleyale ya watunzi wake, ambayo kompyuta yako inatakiwa iyasome yote na kuyageuza yenyewe kuwa programu. Mimi nilishasoma kozi fupi ya kompyuta (ya kuandika barua na kupanga majedwali) na nikajiona fundi.

Jioni ya kwanza nilipofungua lile furushi la programu nilisahau hata kuwasha taa. Mistari ilikuwa haina mwisho, na katikati yake majina ya watu, ya kizungu, ya kihindi, mengine siwezi hata kuyatamka, kila mmoja kaandika kipande chake akakiacha hapo achukue yeyote. Mmoja alikuwa ameandika pembeni kwamba sehemu hii inafanya kazi ila hajui kwa nini, anayejua tafadhali amwambie. Nikakaa nikilitazama hilo neno. Mtu nisiyemjua, hatanijua, hajui Soni iko wapi, ameniachia kazi yake mimi na karoti zangu, na hataki kitu.

Basi nikaanza. Natoa amri, kompyuta inajibu hiki hakipo, natafuta kwenye sidii, nakipata, inajibu basi kile hakipo. Ikawa kila jioni baada ya vipindi niko mle chumba cha kompyuta. Na kila nilipodhani tayari, nilituma kitu kidogo kichapwe, na printa inanitazama tu. Mwanzoni nilituma "KAROTI ZA SONI" kwa heshima zote. Baadaye woga ulivyozidi (maana Bwana Rajabu alishataja siku ya kuleta gari) nikawa naandika chochote kilichokuwa moyoni, kwa herufi kubwa, kwani si hakichapwi? Kumbe hakuna nilichotuma kilichopotea. Vyote vilikuwa vimepanga foleni mle ndani, vinasubiri zamu.

Siku ya gari nikawa nimebakiza hatua ya mwisho tu, na mtu mwenye akili angeimaliza peke yake kwanza. Mimi nikawaita watu waje washuhudie. Mzee Singano alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, Bwana Rajabu akaegesha fuso chini ya shule, wanakikundi wakajaa mpaka mlangoni, na Mama Hozza, mkubwa kuliko wote kikundini, akapewa kiti cha mbele. "Onga mshi," akawaamkia wenzake kwa Kishambaa, akatulia. Mimi nikampa shikamoo yake, nikaandika ile amri ya mwisho.

Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, inakimbia, haishikiki kwa jicho.

"Mwalimu," Mama Hozza akanong'ona, "haya yote anaandika nani?"

"Inajiandikia yenyewe, mama."

"Basi tusiongee."

Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani, ndani watu wazima wamesimama kofia mkononi wakitazama maandishi yasiyosomeka, na mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Halafu mistari ikakoma. Printa ikatoa mlio, ikajitikisa, ikavuta karatasi ya stika, na ikatoka ya kwanza: KAROTI ZA SONI.

Vigelegele! Bwana Rajabu akapiga makofi. Mzee Singano akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akawasomea wote kwa sauti ya mkutanoni. Printa ikatoa ya pili, naye, kwa kuwa ameshaanza, akaisoma na hiyo:

"Mungu wangu nisaidie. Sijui ninachofanya."

Ya tatu ikatoka.

"Wazee wananitegemea na mimi ni bure kabisa." Akashusha miwani. "Mwalimu, haya ni ya kwenye karoti?"

Nikaizima printa. Nikaiwasha ili nianze upya, ikaendelea palepale ilipoishia. "PRINTA NAKUOMBA, MIMI NI MTOTO WA WATU." Mlango mzima ulikuwa unacheka, Bwana Rajabu amekaa juu ya maboksi anafuta machozi, wanafunzi wangu wamebandika pua dirishani, na mimi nachomoa waya huku jasho linanitoka kwenye baridi ile ya Usambara.

Aliyenyamazisha watu ni Mama Hozza. Alikuwa ameomba stika moja asomewe tena, polepole.

"Maneno haya uliyaandika lini?"

"Siku tofauti tofauti, mama. Mengine tangu wiki iliyopita."

"Na yamekaa humo yote?"

"Yamekaa."

Akainuka, akaiwekea printa kiganja juu, kama anayepima homa ya mtoto. "Mimi nasema hivihivi kila msimu nikipanda," akasema, "tangu naolewa. Sijawahi kuona yakirudi."

Mzee Singano alivua tena kofia, sijui kama alijijua.

Karatasi za stika zilizobaki hazikutosha, maana tulipoirudisha printa kwenye umeme dua zangu zilimaliza foleni yao kwanza zikala nyingi, kwa hiyo maboksi ya mbele yakapata stika nzuri na mengine tukayaandika kwa kalamu nene, kila mtu na mwandiko wake. Bwana Rajabu alichukua mzigo wote. Lakini kabla ya kuteremka Mombo alibandika kwenye kioo cha fuso ile stika yangu ya "Sijui ninachofanya", na ndivyo habari ilivyonitangulia mpaka sokoni Soni.

Tangu siku ile siiti watu kabla kitu hakijafanya kazi, nimeapa, na nikiijaribu printa yoyote naandika neno "kabichi" tu, hata kama moyoni kunaungua. Lakini kuna jambo moja nimeshindwa kuliacha, na walimu wenzangu wanalicheka: printa ikianza kunguruma siwezi kukaa. Nasimama, kama tunavyosimama mtu mzima akiingia.