Kaptula ya Safari, Suruali ya Kufikia

Naomba radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu umelala upande kama majani yaliyopigwa na mvua, na tahajia nilijifunza mpaka darasa la saba tu. Ukikuta neno limekosewa, lisome jinsi lingetakiwa kuwa. Ninaandika polepole, na ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda kabisa, na ninyi vijana mnaoanza kubeba mkate kwa baiskeli mmekuwa mkiniuliza kwa nini kifurushi changu cha nguo ni kidogo hivi, Januari mpaka Desemba, na bado sitetemeki. Jibu ni refu kidogo. Nimeona afadhali niliandike.

Mimi bado si mzee. Hata hivyo nitawaita kwa neno alilokuwa akiniita Mzee Barongo, kwa sababu mambo haya yote ni yake, na bila neno hilo hayasikiki vizuri. Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza.

Nakumbuka Ijumaa moja, miaka ile suruali za bugaluu zilipoingia Kisii. Nilikuwa mgeni kwenye bekari. Nilipewa njia ya Ekerenyo, kwa sababu ina vilima na wenzangu hawakuitaka. Huko nilikuwa napeleka mkate kwenye duka la mama mmoja tuliyemwita Mama Moraa. Yeye na karibu wateja wake wote ni Wasabato. Unajua mwenyewe walivyo: Ijumaa jua likizama, Sabato imeingia. Hakuna kuuza, hakuna kununua, na jikoni hakukorogwi kitu kipya. Chakula cha kesho kinatakiwa kiwe kimeshaandaliwa. Ndiyo maana mkate wa Ijumaa pale Ekerenyo si mkate wa kawaida. Ni chai ya asubuhi ya watoto kabla ya kwenda kanisani.

Siku hiyo niliamka nyumbani kwetu, upande wa Nyamache, kukiwa na ukungu na baridi ya kuuma meno. Nikavaa kila kitu nilichokuwa nacho. Chini bugaluu yangu mpya, pana kiasi cha kuficha kiatu. Juu shati, sweta niliyofumiwa na mama, na juu ya vyote kabuti ya jeshi ya mjomba wangu. Nilijiona mwanamume kamili. Nilipofika bekari, Mzee Barongo alikuwa anafunga mkate wake wa Suneka kwenye keria. Yeye alikuwa mkubwa wetu sote, tuliyemwita Omogaka, yaani mzee wetu, mvi kichwani, na siku zote alivaa kaptula ya kaki. Alinitazama toka juu mpaka chini.

"Mwanangu, unahama?"

"Hapana, Omogaka. Ni baridi."

"Baridi ni ya asubuhi. Mchana utaivua wapi hiyo nyumba?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikainama, nikakaza kamba, nikaondoka.

Alisema kweli. Kabla sijafika Nyamira nilikuwa nimelowa jasho kama niliyetoka mtoni. Kabuti niliifunga juu ya sanduku la mkate, ikawa inaniyumbisha kila kona. Kwenye mlima pindo la bugaluu likaingia kwenye cheni. Likaliwa, likaviringika, baiskeli ikagoma. Nilikaa pembeni ya barabara nikilitoa kidogo kidogo, mikono imejaa grisi, na huku wingu la alasiri linajaa upande wa magharibi. Mvua ya kwetu huijua saa yake. Ilipofika, niliivaa ile kabuti tena, ikanywa maji mpaka nikahisi nimembeba mtu mgongoni. Nilisukuma baiskeli pale ambapo ningepanda.

Nilipofika Ekerenyo, mbao za duka zilikuwa zimeshafungwa na taa inawaka nyumba ya nyuma. Nikabisha. Mama Moraa akatoka.

"Mama, mkate."

"Nauona, mwanangu. Na jua umeliona?"

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alinipa uji wa moto na mahali pa kulala, lakini mkate hakuugusa. Asubuhi nilikaa pale jikoni nikiwatazama watoto wake wakinywa chai tupu, na sanduku limejaa mkate mlangoni. Mmoja alikuwa ananyoosha shingo kulitazama, anamtazama mama yake, anarudi kwenye kikombe chake.

Nilipokuwa naondoka, Mama Moraa alinisindikiza mpaka barabarani. "Ijumaa ijayo nitakungoja," alisema. "Ukichelewa tena, nitachukua mkate wa wale wenye gari. Sina ugomvi na wewe. Nina watoto, na watu wote hawa wana watoto."

Nilielewa. Bila duka lake, njia ya Ekerenyo haikuwa na maana, na bila njia ya Ekerenyo bekari haikuwa na kazi ya kunipa.

Nilimweleza Mzee Barongo. Hakusema, "Nilikuambia." Alinipeleka nyuma ya tanuri, akafungua kifurushi chake, akavitandaza vitu vyake juu ya gunia la unga.

"Nguo za mwaka mzima ni hizi," akasema. "Wewe ulivaa kabati. Mwenye baiskeli havai kwa ajili ya siku. Anavaa kwa ajili ya mlima mmoja, halafu anabadilisha kwa ajili ya mteremko."

Kulikuwa na fulana nyepesi, na sweta ya sufu isiyo na mikono. Kando yake ilikuwapo mikono ya sweta, imekatwa, iko peke yake kama soksi ndefu. Nikacheka. Akaivuta kwenye mikono yake mpaka juu ya viwiko. "Asubuhi naivaa hivi. Jua likipanda naivuta, naitia mfukoni bila kushuka kwenye baiskeli. Kabuti yako unaweza kuitia mfukoni?" Sufu, alinieleza, hata ikilowa bado inakupa joto, lakini shati la pamba likilowa linakukamata kama samaki. Kulikuwa pia na kipande cha nailoni chenye shimo la kichwa, ambacho ukikikunja hakizidi kitabu. Na karatasi ya kufungia mkate.

"Hii ni ya nini, Omogaka?"

"Ukifika juu ya mlima una jasho, na mbele yako kuna mteremko. Itie kifuani, chini ya sweta. Upepo utapiga karatasi, hautapiga moyo. Ukifika chini, itoe."

Miguuni, akala, zile ndala za tairi. Kiatu cha ngozi kikinywa maji hakikauki mpaka kesho, lakini akala unazipangusa kwa jani la mgomba na safari inaendelea. Mwisho alinionyesha suruali ndefu na shati safi, vimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Hivyo huviweka ndani ya sanduku, pamoja na mkate.

Yote niliyakubali, ila kaptula. Kaptula niliiacha shuleni. Kwetu mtu akishatoka jandoni, akamaliza na shule, akipita sokoni na magoti wazi wataanza kuuliza mama yake yuko wapi. Nikamwambia Mzee Barongo nitaifunga suruali kwa kipande cha tyubu.

"Funga," akasema. "Na ikilowa itakuvuta magoti mpaka Ekerenyo. Ngozi ya mguu hukauka yenyewe, mwanangu. Haihitaji jua wala pasi. Nani anakuzuia? Watu wa sokoni?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Wao watacheka wewe ukipita. Halafu watafanya nini?"

"Watarudi kwenye biashara zao."

"Basi. Kaptula ni ya safari, suruali ni ya kufikia. Usivae ya kufikia kabla hujafika."

Nyumbani nilikata mikono ya ile sweta. Mama aliponiona na mkasi alishika kichwa. "Sufu yangu! Umerukwa na akili?" Nilipomweleza, alichukua sindano, akapindia kingo zisifumuke, akinung'unika mpaka mwisho. Lakini alipindia vizuri, na mikono ile ninayo hadi leo.

Ijumaa ilifika. Nilishuka kutoka nyumbani nimevaa kaptula na mikono ya sweta, mikono nikaivua jua lilipochomoza, nikapakia, nikaondoka Kisii mwepesi kama niliyesahau kitu. Nyamira ilikuwa siku ya watu wengi. Vijana wa rika langu walikuwa wamekaa mbele ya fundi wa viatu, na wasichana wa ndizi ng'ambo yao.

"Kengele imelia, kijana!" mmoja akapaza sauti. "Rudi darasani!"

"Mwacheni, ametumwa chaki!"

Halafu mwingine akaitamka ile: "Omoisia!" Ndivyo kwetu anavyoitwa mvulana ambaye bado hajakwenda jandoni. Wasichana wakaangua kicheko. Masikio yangu yakawaka moto. Mwanangu, suruali ilikuwa nyuma yangu, sandukuni. Ningeweza kusimama kwenye kona ya kwanza na kuivaa. Nilishika hata breki. Kisha nikatazama magharibi, wingu lilikuwa limeshafika. Nikamkumbuka yule mtoto anayenyoosha shingo. Nikaachia breki.

Mvua ilinikuta mlimani, na ndani yake mawe. Nikavaa nailoni, nikainamisha kichwa, nikaendelea kukanyaga. Maji yalipita kwenye miguu na kwenda zake. Hakuna kilichoingia kwenye cheni, hakuna kilichonivuta magoti. Juu ya mlima nikatia karatasi kifuani na kuteremka, upepo ukipiga kelele kwenye ile karatasi kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Sikusukuma baiskeli hata mara moja.

Ekerenyo mvua ilikuwa imekatika, na jua limetokeza chini ya wingu, limekaribia kilima. Mama Moraa alikuwa ameshika ubao wa mwisho wa duka. Watu walikuwa wamesimama nje, wengine wameanza kuondoka. Alifungua sanduku, akabonyeza mkate wa juu, akaingiza mkono mpaka chini kabisa akabonyeza mwingine. Ulikuwa mkavu. Akaanza kuugawa kwa haraka, na watu wakarudi mbio.

Sanduku lilipobaki tupu, ndipo aliponitazama magoti. Nikangoja kicheko.

"Suruali huna?"

"Ninayo, mama. Hii hapa. Ni kavu."

Alitazama ule mfuko, akatazama kilima, akasogeza mbao akanipisha nyuma ya duka. "Ivae basi upesi," akasema. "Sabato inaingia, na wewe ni mgeni wetu." Kisha akachukua mkate mmoja aliouficha chini ya meza, akamwita yule mtoto.

Sasa nasaha yenyewe. Usinunue nguo nyingi, mwanangu. Kaptula, fulana, sweta ya sufu isiyo na mikono, na mikono yake peke yake. Nailoni na karatasi havikosi kwenye keria, na nguo kavu hukaa pamoja na mzigo. Januari utabeba hivyo hivyo ingawa kuna vumbi, na Julai hutaongeza kitu. Vaa kabla hujatetemeka, vua kabla hujalowa jasho. Na ukisikia wanacheka pembeni ya barabara, kumbuka kwamba hawana mkate wa kupeleka popote. Anayekungoja ndiye unayemvalia.

Mzee Barongo amezeeka sasa, habebi tena, lakini kila nikipita Suneka hunishika magoti kuona kama ni ya baridi, kisha hunibariki. Baraka hiyo nawapa ninyi kama anavyoitoa: Mungu akupe miguu isiyochoka na mlima usiokudanganya, mvua ikupite ikaoshe barabara, na ufike mlango ungali wazi.

Ukiwa na njia bora ya kuzuia baridi ya vidole, maana hiyo bado inanishinda, tafadhali niandikie, uache barua bekari. Mwandiko wako ukiwa mbaya kama wangu, usiogope. Nitausoma polepole.