Mwenye Nyumba Kwanza

Mimi ni fundi wa friji, na friji ninazozijua zaidi ni za baa. Nilitoka Nakuru nikaja Kampala kwa kazi hiyo, nikapanga chumba na sebule Bukoto, na tangu nifike kitu kimoja kimenikera kuliko kodi ya nyumba na matope ya msimu wa mvua. Sijawahi kujua kinachoruhusiwa. Nazungumzia mambo madogo ya mtu mzima anayejilipia: kuvuta sigara, kunywa bia mbili, kukaa penye muziki mpaka usingizi umjie.

Chukua sigara. Kuna baa moja Wandegeya, karibu na hosteli za wanafunzi, ambako nilibadilisha kompresa na mwenye baa akanikaribisha nikae kidogo. Mezani palikuwa na kisahani cha majivu. Nikauliza kama naweza kuvuta, akacheka, akasema hakuna shida. Nikavuta. Juma lililofuata nikarudi kuangalia gesi, nikakaa meza ile ile, kisahani kile kile, nikawasha. Askari wa mlangoni akanijia mbio, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, sigala hapana hapa. Enda nje."

Nikaenda nje. Nje nikakutana na polisi, akaniambia barabarani ndiko kubaya zaidi, watu wanapita. Nikamuuliza, sasa afande, nivutie wapi? Akanitazama viatu, akanitazama uso, akakisikiliza Kiswahili changu cha ng'ambo ya mpaka.

"Kwenu," akasema.

Mpaka leo sijui kama alimaanisha chumbani kwangu au Kenya. Sikumwomba afafanue.

Shisha ndiyo kichekesho chenyewe. Kila mtu anajua imepigwa marufuku. Siku moja nikaitwa kwenye baa ya hapa Bukoto, friji haipozi. Nikatoa soda za mbele, na nyuma yake nikakuta vyombo vya shisha vimelazwa pamoja na mipira yake, vimefunikwa taulo. Ndiyo maana hewa haikuwa ikizunguka. Nikamwonyesha mwenye baa. Akasema hayo ni mapambo. Nikamuuliza ni mapambo gani yanayohitaji baridi. "Hakuna shida, fundi, funga tu," akanijibu, na siku chache baadaye nikasikia kwamba polisi walipita pale, wakaondoka na wateja, mapambo yakabaki.

Na saa za kufunga? Nilifundishwa kwamba baa iliyofungwa ni baa ambayo mlango wake umefungwa. Watu wanaweza kuwa ndani wamejaa, muziki ukatikisa madirisha, mhudumu akapita na trei, lakini mlango umefungwa, kwa hiyo baa imefungwa. Aliyenieleza hayo alikuwa ndani, na mimi nilikuwa ndani.

Sisi Wakenya tulikuwa na kawaida ya kukutana Jumamosi mchana, tukitazama mpira na kulalamika, na kulalamika ndiko kulikotupeleka zaidi. Mmoja wetu, muuza mabati, alisema sheria zipo, ila zinalala mpaka zisikie lafudhi ya mgeni. Mimi nilikwenda mbali kuliko yeye. Niliamini ruhusa yenyewe ndiyo mtego. Mtu akikukataza uko salama, unajua mpaka uko wapi. Mtu akikuambia hakuna shida, shika mfuko wako. Wenyeji walikuwa wakivuta na kunywa kwa raha zao, na hilo lilinizidishia wasiwasi, kwa sababu ina maana walijua kitu ambacho hakuna aliyekuwa tayari kuniambia. Nikawa mtu wa kukaa nimeelekea mlango. Bia yangu nailipia kabla haijafunguliwa. Mhudumu akinichekea mara mbili, nahama meza.

Mwanamke niliyetaka kumwoa alikuwa akinicheka kwa hayo. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha pale Wandegeya, mtu wa kucheka haraka na kununa polepole, na alikulia kambi za jeshi kwa hiyo Kiswahili chake hakikuwa cha kubahatisha. Wazazi wake ni watu wa West Nile, kule kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baba ni mwanajeshi mstaafu, Mwislamu. Mama ni Mkatoliki. Watoto waligawanyika baina ya msikiti na kanisa bila ugomvi, yeye akaangukia upande wa mama. Alikuwa ameniambia waziwazi: baba akinikubali, tunaoana. Baba akisita, yeye hatatoroka na mtu. Hakuwa akinitisha, alikuwa ananieleza alivyo, na mimi nilimpenda kiasi cha kuogopa.

Basi ilipopangwa siku ya mimi kwenda kuonekana kwao, nikataka kujua masharti.

"Nyumbani hakuna shida," akasema. "Ukitaka kunywa, kunywa. Mama anapikanga kwete."

Kwete ni pombe ya nafaka, ya kwao. Hiyo niliijua. "Na baba?"

"Baba aliacha pombe siku nyingi, alipostaafu. Hata tone. Lakini hakatazi mtu."

"Kwa hiyo mama anapika pombe ndani ya nyumba ya mtu asiyekunywa."

"Ndiyo. Shida iko wapi?"

"Na sigara?"

"Hiyo anavuta."

"Na msikitini wanasemaje?"

"Wewe, unakuja kuoa ama unakuja kufanya upelelezi?"

Machale yakanicheza. Nyumba moja, watu wawili, pombe jikoni, msala sebuleni, na hakuna shida. Nilikuwa nimeshawahi kuona baa za namna hiyo. Nikaamua kwenda mikono mitupu kwa upande wa starehe: nikanunua sukari, mchele na kreti ya soda, sigara nikaziacha mezani kwangu, nikapiga mswaki mara ya pili. Kwangu ilikuwa afadhali nionekane mshamba kuliko kunaswa.

Nyumba yao iko hapo hapo Bukoto, nyuma ya soko, ina baraza pana na ua uliofagiliwa. Ilikuwa Jumapili mchana. Baba mkwe mtarajiwa alikuwa amekaa barazani na kanzu nyeupe, mtu mrefu, mkavu, mgongo umenyooka. Pembeni yake walikaa wazee wawili, askari wenzake wa zamani, waliokuja kuniona. Aliniamkia kabla sijamwamkia, na hilo nalo nikalitilia shaka.

"Karibu, kijana. Kaa. Hapana simama kama mlinzi," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini.

Nikakaa. Akaniuliza habari za kazi, habari za Kenya, kama mama yangu yu hai. Nikajibu kwa kipimo. Kisha akatoa paketi ya sigara mfukoni, akachomoa moja, akaninyooshea paketi.

"Sivuti, mzee," nikasema.

Akavuta yake taratibu. Akainama kidogo upande wangu, akanusa.

"Wewe havuti," akasema, "lakini shati yako navuta."

Wale wazee wawili wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Na mimi nikacheka, nimechemka masikio. Nikajiambia: umeona, mtego wa kwanza huo. Kama ningeivuta ile sigara, angesema nimevuta mbele ya wazee siku ya kwanza. Sikufikiria kabisa kwamba huenda mzee alitaka tu mtu wa kuvuta naye.

"Na pombe?" akaniuliza. "Wewe nakunywa?"

"Kidogo, mzee. Panaporuhusiwa."

"Nani nakataza?"

Hilo ndilo nililokuwa nikitaka kulijua tangu nihamie mji huu, lakini sikuona kama pale ndipo pa kuuliza. Nikatabasamu kijinga.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa amebeba kibuyu kilichokatwa, kimejaa kwete isiyo na mvuke, povu limetulia juu, na harufu yake ya uchachu ikatangulia barazani. Mchumba wangu alimfuata mpaka mlangoni akasimama hapo. Mama akapiga magoti, akampa mumewe kibuyu. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakishika karibu na kifua. Hakunywa, hata hakunusa. Kisha akawapita wale wazee wawili, ambao walikuwa wamekaa karibu naye kuliko mimi, akanigeukia.

"Kijana yangu," akasema. "Onja."

Mama hakuinuka. Wale wazee walikuwa wakitazama mikono yangu.

Nikaanza kupiga hesabu haraka haraka. Kwa nini mimi kwanza? Wapo watu wazima hapa, wanakaribia umri wa babu yangu, nami ndiye wa mwisho kufika. Nikinywa kabla yao, itasemwa huyu Mkenya ni mlevi asiyejua wakubwa. Nikikataa, nimemdharau mama aliyepika. Na kwa nini yeye mwenyewe amekishika kibuyu asikiguse kwa mdomo, halafu akanisogezea mimi? Sumu sikuiwaza kwa dhati, lakini sitasema haikunipitia kichwani. Nilimtafuta mchumba wangu kwa macho, akawa ananitazama kwa furaha ya wazi kabisa, na furaha ile nayo sikuielewa, kwa hiyo nikaiogopa. Nikauona mtego wote, mwanzo hadi mwisho, nikajipongeza kwa kuuona. Nikapata na jibu ambalo halina kukubali wala kukataa.

"Mwenye nyumba kwanza, mzee," nikasema kwa adabu zangu zote, nikakirudisha kibuyu kwake kwa ncha za vidole.

Nilitarajia wacheke. Mmoja wa wazee akakohoa. Mama akasema neno kwa lugha yao, polepole, bila kumtazama mtu. Mchumba wangu akashuka kutoka mlangoni, akachutama karibu nami akijifanya anapanga chupa za soda, akanong'ona kwa haraka.

"Kwetu mtu wa nyumba ndiye anaonja kwanza, wageni waone ni safi. Baba hanywi. Kaka yangu ndiye alikuwa anamwonjea, na sasa yuko Juba, kazini. Tangu aende, baba hajampa mtu hiyo kazi. Leo amekupa wewe."

Wale wazee wawili ndio walikuwa wageni. Mimi nilikuwa nimeshapewa kiti cha mtoto wa kiume, bila mahari, bila kikao, kabla hata sijasema nilichokuja kusema, nami nikakirudisha kwa ncha za vidole. Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Nisamehe, mzee. Sikujua. Nipe nionje."

"Wacha," akasema. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Hapana mbaya. Wewe nasema ukweli. Mwenye nyumba kwanza."

Akainua kibuyu.

"Mzee!" mama akasema, mara hii kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

Akanywa. Halikuwa tone la kudanganya. Lilikuwa funda kamili, nililiona likishuka kooni. Akafuta midomo kwa kiganja, akanipa kibuyu.

"Sasa kunywa. Iko safi. Hapana kitu mbaya ndani."

Nikanywa. Ilikuwa kwete nzuri, chachu, imetulia, na sikuwahi kunywa kitu chochote kwa aibu namna ile. Nimeshatozwa faini mji huu, nimeshafukuzwa baa, nimeshaambiwa nikavutie kwetu, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na mtu wa kumlaumu. Hapa nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa. Nikampa kibuyu mzee aliyekuwa karibu, naye akakipokea bila kuniangalia.

"Mama," baba akasema, "leta maji. Alasiri nakaribia."

Mama akaleta birika. Mzee akaenda mwisho wa baraza, akainama, akasukutua mdomo, akatema kwenye maua. Akasukutua tena. Akatia kidole, akasugua meno, akasukutua tena, na sisi tuliokaa tukawa tunasikiliza maji. Nilipogeuka kumtafuta mchumba wangu hakuwepo tena karibu yangu, na mlango wa ndani ulikuwa umerudishwa.

Mzee akarudi, akasimama mbele yetu akijikausha midomo kwa ukingo wa mkono wa kanzu. Akamtazama mwenzake wa kwanza, akamtazama wa pili, akanitazama na mimi, kwa upole ule ule, bila kunipunguzia wala kuniongezea.

"Wageni yangu tatu," akasema, "kunywa. Hapa kwangu hakuna shida."