Kishikwambi Kilichopakwa Mafuta

Mimi ni mzaliwa wa Mambrui, nikaolewa Marereni, na mpaka leo sijaizoea chumvi ya hapa. Haiko kwenye mabwawa inamovunwa tu. Iko hewani, iko kwenye nywele, iko kwenye chai kabla hujaitia sukari. Tundika kufuli jipya mlangoni, lisahau kidogo, utakuja kulivunja kwa nyundo.

Ndiyo maana jirani yangu Hawe Kahonzi haachani na chupa yake ya mafuta ya nazi. Hawe ni bibi kwa Kigiriama, na ajuza huyu ni bibi yetu sote, tupende tusipende. Mafuta huyakamua mwenyewe, na kitu chochote cha chuma kikiingia nyumbani kwake, sharti kwanza akipake: jembe, bawaba, mnyororo wa baiskeli. Wengi hapa hupaka, lakini yeye kaishika kama ibada. Cherehani aliyonunuliwa na marehemu mumewe ingali yashona mpaka leo, wakati za wenzake zimekuwa makao ya kuku. Kitu kimoja tu najua alikataa kukipaka, nacho ni redio kubwa ya mwanawe Karisa. Alisema yampigia kelele za bure. Ikaliwa na kutu mbele ya macho yake, naye akitafuna tambuu.

Sasa mke wa huyo Karisa ndiye shoga yangu Nyevu. Amevuta chumvi kwa reki tangu ujana, na mwanga ule wa chumvi nyeupe juani umemla macho. Aliacha shule kidato cha pili, na juzijuzi, mtu mzima na watoto wake, akaingia darasa la watu wazima la mwalimu Everlyne ili afanye mtihani wa kidato cha nne. Akipita, atasomea kufundisha chekechea, atoke mabwawani kabla macho hayajakwisha kabisa. Asipopita, reki yamngoja. Hakuna njia ya tatu, na sote twajua.

Mtihani wenyewe haukuwa tatizo, kwa kuwa mwalimu Everlyne alishamwombea karatasi ya herufi kubwa. Tatizo ni kusoma kabla ya mtihani. Vitabu vya shule, hasa kile cha Historia, sijui aliyevipiga chapa alikuwa amegombana na nani, herufi kama sisimizi! Miwani alipimwa akapewa, ikamsaidia kutambua watu barabarani, basi. Siku moja alikuja kibarazani kwangu ninapokaangia mahamri, akaweka vitabu vyake chini.

"Shahida, naacha."

"Unaacha nini? Hebu niondokee! Hujasikia, heri kufa macho kuliko kufa moyo?"

"Wewe una vyote viwili, ndiyo maana wasema," akanijibu. Nikampa hamri moja ili nipate muda wa kutafuta jibu.

Jumapili iliyofuata akaja Dena, nduguye Nyevu, anayetandika vitanda katika hoteli moja kule Bofa. Alileta kishikwambi alichopewa na mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Habari zikafika kwangu kabla Dena hajamaliza kusalimia, nikazima jiko nikaenda. Nikose jambo mimi?

Nyumba nzima ilikuwa imekizunguka. Watoto wakakitomasa wakitafuta katuni, hamna. Rangi hamna. Wimbo hamna. Kina mchoro wa mti mweusi katikati, umeganda tu.

"Kimekufa hiki," alisema Karisa.

"Hakijafa, shemeji, kimelala," akasema Dena. "Hiki ni cha kusomea tu. Hakina mambo mengine."

"Cha kusomea tu!" Watoto walitawanyika kama waliotangaziwa kufagia uwanja.

Dena akabonyeza kitufe, mti ukaondoka, maandishi yakaja. Kumbe yeye na mwalimu Everlyne walikuwa wameshapanga njama yao, vitabu vyote vya Nyevu vilikuwa humo, na Historia ikiwemo. Nyevu akainama, pua karibu iguse kioo, kama kawaida yake. Dena akamwambia, "Dada, rudi nyuma. Weka vidole viwili, kisha vipanue." Akaweka, akapanua. Maneno yakaanza kunenepa. Akapanua tena, yakanenepa tena, mpaka neno moja likajaza kioo kizima: BIASHARA. Mimi nililisoma nikiwa mlangoni.

Nyevu alivua miwani akacheka, halafu akalia huku bado anacheka. Nami machozi yakanitoka, na mimi huwa silii ila kwa harusi na vitunguu. Aliyekaa mbali ni mavyaa wake, Hawe Kahonzi, kwenye kigoda chake, anatutazama.

"Kitabu hakipikwi," alisema.

Neno hilo alikuwa nalo tangu Nyevu aanze darasa. Kisha akauliza, "Mgongo wake huo ni chuma?"

"Ndiyo, mama," alijibu Nyevu. Nasi tukaendelea na yetu.

Wiki zile Nyevu hakuwa na habari nyingine. Kila jioni alikuja kibarazani kunipa ripoti ya kishikwambi, kama mwenye mtoto mchanga. Kwamba alikwenda nacho kazini, na wakati wa mapumziko, pale kwenye malundo ya chumvi ambapo simu za wenzake hugeuka vioo vya kujitazamia, chenyewe jua likikipiga ndiyo kwanza kinasomeka, utadhani karatasi. Kwamba hakina harufu, naye ile harufu ya kitabu aliipenda. Kwamba amezoea kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, sasa analamba kidole na kukipaka mate kioo, na mwalimu Everlyne amemcheka darasa zima likasikia.

"Lakini wajua ninachokipenda zaidi?" aliniambia. "Kitabu kinene kilikuwa kikinitisha. Nikisoma jioni nzima, nikikitazama ubavuni, naona sijafika popote. Hiki hakinionyeshi unene wake. Nasoma tu ukurasa ulio mbele yangu."

Akaimaliza Historia. Akaingia Biolojia, akawa ananieleza habari za figo zangu mwenyewe nikikanda unga, mpaka nikamwambia figo zangu ziache zilivyo. Nilifurahi, wallahi. Nilimwona mtu aliyekuwa anazama akisimama kwa miguu yake.

Hata ulipokaribia mtihani, Jumamosi moja, Nyevu alikwenda matangani Gede na kishikwambi akakiacha juu ya kabati. Aliporudi hakupitia kwangu kama desturi. Baadaye kidogo nikamwona anakuja polepole, kakifunika kwa leso kama maiti ya paka. Akafunua.

Lo! Kilikuwa kinameremeta. Mafuta kwenye kioo, mafuta mgongoni, mafuta yanachuruzika kutoka kwenye kitundu cha chaji. Ukigusa huku, kinafunguka kule. Kurasa zinajifunua zenyewe kama zina pepo. Na chaji ilikuwa karibu na kwisha, ukichomeka waya haiingii.

"Amekiua," alisema Nyevu. "Shahida, hakutaka nisome tangu mwanzo. Sasa amekiua."

Wanaonijua wanajua kwamba mimi hasira yangu haihitaji kuni. Sikungoja hata kunawa. Nilivuka ua na unga mikononi, nikamkuta Hawe Kahonzi anapepeta mchele. Na kwa kuwa nimelelewa, shikamoo kwanza, hata kama unakwenda kugombana.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema hivyo? Umefukuzwa?"

"Hawe, umekipaka mafuta kishikwambi cha Nyevu?"

"Nimekipaka," akajibu, uso umemchangamka, mtu anayengoja kushukuriwa. "Mgongo, kioo, na kile kitundu. Kitundu nimekitia mengi, maana kutu huanzia mahali kama hapo."

"Lakini kwa nini? Kwa nini, Hawe?"

Akauweka ungo chini, akanitazama kwa huruma. "Shahida, umeishi hapa miaka yote hii bado wauliza? Anakipeleka mabwawani kila siku. Chuma gani kinakwenda mabwawani bila mafuta kikadumu?"

"Si wewe uliyekuwa hutaki asome?"

"Nani kasema?"

"Wewe! Kitabu hakipikwi, kitabu hakipikwi, kila siku!"

"Na kweli hakipikwi! Nilikuwa na njaa, naye alikuwa anasoma." Akaniondolea kipande cha unga mkononi, akakirushia kuku. "Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Sasa namwona. Alikuwa akifinya macho mpaka machozi yanamtoka, na hakuacha. Mimi nimeishona chumvi katika magunia mpaka mgongo ukapinda, naijua inavyomfanya mtu. Nataka atoke huko." Kisha akaniuliza, taratibu tu, "Ile redio ya Karisa, niliipaka?"

Nikajipangusa unga mikononi.

"Nakuuliza. Niliipaka?"

"Hukuipaka, Hawe."

"Haya."

Nilipogeuka, Nyevu alikuwa amesimama nyuma yangu na leso yake, ameyasikia yote. Akanipita, akakaa chini kando ya kigoda cha mavyaa wake, akauvuta ungo na kuanza kuchambua mchele. Nilimpenda Hawe Kahonzi siku ile, na bado nilitaka kumpiga na chupa yake.

Jumatatu tukaenda Malindi kwa Faiz, fundi wa simu. Alikishika, akanusa vidole vyake, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kakikaanga?"

"Fanya kazi yako," nilimwambia.

Alikaa nacho siku nzima, pamba kwenye ncha ya kijiti, spiriti, tena pamba. Nyevu alikaa kwenye benchi nje, hakula, hakunywa, na mahamri niliyombebea akamaliza Faiz. Alasiri akachomeka waya. Tukangoja. Ule mti mweusi ukatokea. Nyevu alilamba kidole akafunua ukurasa, na ukurasa ukafunuka mmoja tu, kama inavyotakiwa. Kilibaki na doa pembeni, chini mkono wa kulia, ambapo mafuta yalishaingia ndani. Maneno ya pembe ile mpaka leo yanaonekana kama yamekula pilau.

Nyumbani tukamweleza Hawe Kahonzi kwamba chombo hiki hakipakwi mafuta.

"Basi kinapakwa nini?"

"Hakipakwi kitu, mama," Nyevu akamwambia.

"Maskini," alisema Hawe, kwa kweli akakionea huruma. Akaenda kwenye cherehani yake, akachana leso nzima isiyo na kiraka, akakishonea mfuko wenye kifuniko na kifungo, na ndani bitana mbili za kuzuia chumvi. Tangu hapo hakusema tena habari za kupika. Yeye ndiye akawa anapika, na sisi wengine tukisogea kumsemesha Nyevu, Hawe anatufukuza kama kuku.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza niliamka mapema nikampelekea Nyevu mahamri ya moto. Nilimkuta uani, blauzi nyeupe imepigwa pasi, mfuko wa kishikwambi begani ili asome njiani mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Alikuwa anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa kumzidi, ila mimi nikiogopa hupiga domo.

Hawe Kahonzi akatoka ndani na ile chupa mkononi.

Nyevu akaukumbatia mfuko kifuani. "Mama! Tulisema hakipakwi!"

"Kiweke huko. Sikukifuata hicho."

Akamimina mafuta kiganjani. Akaushika mkono wa kulia wa Nyevu, akaupaka kidole kwa kidole, juu na chini, na katikati ya vidole, jinsi apakavyo mnyororo wa baiskeli asibakize pingili hata moja. Akaushika wa kushoto. Kisha akampaka kipaji cha uso, na polepole, kwa ncha ya kidole gumba, akayazunguka macho yake mawili.

"Simama vizuri," alimwambia. Nyevu akasimama vizuri.

"Msimamizi atafikiri ametoka kwenye karai langu," nikasema. Hakuna aliyecheka, wala mimi mwenyewe.

Hawe akafunga chupa. Nyevu hakujipangusa. Aliondoka hivyo hivyo, akapita mbele ya majirani wote hadi barabarani, uso unang'aa mafuta.