Panga la Juu na Chini

Injinia aliisoma karatasi yangu, akairudia, kisha akawageukia vijana niliofanya nao usaili.

"Toroli la kilo mia limegonga toroli la kilo mia tatu lililosimama. Yamenasana, na yote mawili yameondoka kwa mwendo uleule wa mwanzo, mita mbili kwa sekunde. Mama, toroli hilo linauzwa wapi?"

Wakacheka. Mie nina miaka kumi na minne nasukuma matoroli kwenye kiwanda hichohicho kilichotuita usaili, Mikocheni. Mikono yangu inajua: ukiligonga lililojaa, lako linakaribia kufa palepale. Na bado niliandika vile.

Niliishia la saba. Kiwandani wakatangaza nafasi za kuendesha mashine; usaili una fizikia, na anayefeli harudii. Kiuno kilishachoka na matoroli. Nikaanza tuisheni Tandale, jioni nikitoka kazini, dawati moja na watoto wa rika la mwanangu wa mwisho.

Mwalimu akaandika ubaoni kanuni ya vitu viwili vinavyogongana na kunasana; m na M ni kilo zao, u na U mwendo wao wa mwanzo, v mwendo wao wa pamoja:

v = (mu + MU) / (m + M)

"Herufi ikiwa juu na chini?"

"Panga!" darasa zima likaitikia.

Akakata m kwa m, M kwa M. Ikabaki u + U, safi kabisa.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, hizo em zimejumlishwa. Zinakatika hivyohivyo?"

"Shikamoo, mama," akasema kwanza, na darasa likaangua kicheko. "Sie tunakimbizana na mtihani. Nyie wazee mnapenda kubishana na ubao."

Nikashusha mkono. Nikalikariri panga lake miezi minne.

Baada ya kunicheka, injinia alinielekeza. Penye kujumlisha hukati kipande kimoja. Unakata tu kile kinachozidisha vipande vyote. Hapa hakuna. Juu mia mara mbili, mia mbili; chini jumlisha kilo zote, mia nne; ndipo ugawe: nusu mita kwa sekunde. Dakika tano zilitosha. Halafu akalifunga faili langu.

Kwa hiyo simlaumu yeye. Namlaumu yule wa Tandale, ambaye mpaka leo nikipita nje ya darasa lake nawasikia wanafunzi wake wakiitikia "Panga!" na mie bado nasukuma.

Mwalimu, shikamoo yako baki nayo. Njoo Mikocheni na darasa lako lote, shika toroli, ligonge hili lililojaa. Kisha unijibu mbele yao: zile kilo mia tatu ulizipeleka wapi?