Wimbo wa Mshona Kofia

Niliisikia pembe kabla sijaona kitu. Kichwa changu kilikuwa kimeinamishwa mapajani mwa msusi wangu wa Likoni, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, na mbele ya macho yangu hapakuwa na chochote ila ua moja kubwa la dera lake. Sauti ilitoka kwenye spika ya duka la pili. Ki-ki, ko. Ki-ki, ko. Ile ko ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, kama mtu anayekohoa katikati ya kicheko. Nikakaza shingo. Pembe iliyolia vile ilikuwa moja tu duniani, nayo ilikuwa ya nyanyangu, na nyanyangu tulikuwa tumemzika miaka sita nyuma.

"Tulia, dada, ntakuvuta sikio," msusi akasema. "Wimbo mpya huo, umetoka Ijumaa. Huyu msichana ni wetu, wa hapa hapa Shika Adabu. Siku hizi hashikiki!"

Kisha sauti ikaingia juu ya ngoma za kompyuta, sauti laini yenye ufito wa chuma ndani yake, na sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Nilikua nayo. Ilikuwa sauti ya binti wa jirani.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu, maana bila ule ua wa nyuma hutaelewa kwa nini nilikaza shingo.

Nyanya alikuwa mshona kofia. Asubuhi nzima alikaa mkekani akitoboa vito, vile vitundu vya nakshi ya kofia, kwa sindano, miwani imefungwa uzi, na mtaa mzima ulimwita kwa kazi hiyo, hata watu wakasahau jina alilopewa na babake. Lakini Alhamisi alasiri sindano iliwekwa kando. Kina mama wa chama chake cha vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, walikuja mmoja mmoja, kila mtu na pembe yake ya nyati chini ya leso, na ua wetu ukajaa harufu ya udi, jasho na mbaazi za nazi. Kazi yetu sisi watoto wawili, mimi na binti wa jirani, ilikuwa kuzipaka zile pembe mafuta ya nazi mpaka zing'ae, kuokota mawe kwenye mchele, na kunyamaza. Ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu. Pembe zilipoanza kugongwa kwa vijiti, hata honi ya feri kule kivukoni ilionekana kama inaomba ruhusa.

Pembe ya Nyanya ilikuwa na ufa. Iliwahi kuanguka kwenye saruji siku ya harusi fulani, na watu walimshauri atafute nyingine. Hakutaka. Alisema sasa hata akiimba gizani watamjua.

Binti wa jirani alikuwa na koo. Mimi sikuwa nalo. Siku moja nilijaribu kupanda naye juu kwenye kiitikio, na mama mmoja akauliza kama kuna mbuzi aliyekanyagwa. Nililia nyuma ya pipa la maji. Nyanya alinifuata, akaniita karibu, akanifuta kamasi kwa pindo la leso. "Ndoo hapa, mwanangu. Wewe huna koo, una kitwa. Mwenzako ataimba, wewe utaweka maneno." Tangu siku hiyo nilikuwa daftari lake. Beti zote za chama kile nilikuwa nazo kichwani, na binti wa jirani alipozisahau, alinitazama mdomo.

Sasa shika jambo hili moja. Katika chama cha Nyanya kila wimbo ulikuwa na ubeti wa mwisho wenye jina la aliyeutunga. Ukitaka kuimba wimbo wa mwenzako, ulimwendea na sinia la halua na ubani, ukamwomba; akikupa, uliruhusiwa kuimba popote, mradi ufike mwisho. Mwaka mmoja, kwenye harusi ya Kisauni, kina mama wetu waliimba wimbo wa kuombwa. Biriani ilikuwa imeshaanza kunukia, na binti wa jirani, aliyepewa kuongoza kwa mara ya kwanza, akaukata ubeti wa mwisho ili watu wakale. Nyanya alisimamisha harusi. Bibi harusi akiwa mlangoni, amefunikwa, anatoka jasho, Nyanya akasema hatoki mtu hapa mpaka mwenye wimbo atajwe. "Umekula jina la mtu," akamwambia yule mtoto. "Litapike." Akaliimba huku analia, na sote tukasubiri. Tulikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kwa hivyo usije ukaniambia hakujua.

Tulipomzika Nyanya, binti wa jirani alikuja matangani siku zote tatu. Aliosha vyombo, alikuna nazi, alilia kuliko mimi. Siku ya tatu akaniuliza kuhusu ile kaseti, kanda pekee ambayo Nyanya alikubali kurekodiwa. Video aliikataa maisha yake yote. "Nipe nikamsikilize tu, mwanakwetu. Ntairudisha." Nikaitoa kabatini kwa mkono huu huu ninaoandikia. Pembe yenyewe ilishapotea tulipohama nyumba ile, kwa hivyo nilimpa yote niliyokuwa nayo.

Msusi alinipa simu yake nitazame, nywele zikiwa bado nusu. Sikiliza, mimi si mtu wa kuwachukia wasichana wanaoimba. Nawapenda. Kila wiki Changamwe, Kisauni, Likoni, kuna msichana mpya anayerekodi kwenye chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani, na wengine wana vipaji vya kutisha. Wasusi hugombana kwa ajili yao kama watu wa mpira. Lakini pale kwenye simu mtangazaji alimwuliza huu wimbo ameutoa wapi, naye akatupa kichwa nyuma akacheka.

"Ni wimbo wa zamani tu wa kina mama wa Pwani. Hauna mwenyewe."

Nilirudisha video, nikasikiliza tena. Hauna mwenyewe. Na wimbo wenyewe ulikuwa unaishia ubeti wa pili, bila ule wa mwisho wenye jina la Nyanya.

"Kumbe yuaja Jumapili," msusi akasema, akivuta nywele upya. "Binamu yake yuaolewa. Ataimba ukumbini, wanawake watupu."

Nikamwambia amalize haraka.

Katika chama cha Nyanya walikuwa wamebaki wawili. Mmoja haoni vizuri, wa pili hutembea kwa kushika ukuta. Niliwaendea na sinia la halua na ubani, nikawaeleza. Yule asiyeona aliuliza swali moja tu: "Ubeti wa mwisho unao?" Nikasema ninao. Akacheka bila meno. "Basi ntafutie leso yangu nzuri."

Jumapili alasiri tulikaa safu ya tatu. Mlangoni simu zilikusanywa kwenye beseni, kama desturi ya harusi zetu, kwa hivyo hakuna picha hata moja ya yaliyotokea, na habari yote imetembea kwa midomo, jambo ambalo Nyanya angelipenda. Binti wa jirani aliingia amemeremeta. Sitamnyima haki yake: aliimba vizuri mno.

*Fungua mlango, mama, mwana wako anatoka,*
*Mpakeni na marashi, asende akisumbuka.*

Vigelegele vikapasua paa. Akainama, akashukuru, akaanza kushuka jukwaani. Ndipo wale bibi wawili wakasimama, mimi katikati nimewashika, na yule asiyeona akapiga makofi mapole ya vugo. Vichwa vikatugeukia. Tukaimba. Sauti zao zilikuwa nyembamba kama uzi, na yangu unaijua.

*Mimi mshona kofia, pembe yangu 'mepasuka,*
*Atakaye wimbo wangu, jina langu atashika.*

Mara ya pili wanawake wa makamo wakadakia, maana waliolewa kwa wimbo ule. Mara ya tatu ukumbi mzima ulisimama, na binti wa jirani yuko palepale na maikrofoni mkononi, mdomo wazi, hakuna kinachotoka.

"Malizia, mama!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Au koo limekauka?"

"Mpeni maji! Jina la watu limemkaba!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mamake mwenyewe alifunika uso kwa ushungi. Siwezi kukudanganya, wewe ni rafiki yangu: nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikapika chai ya tangawizi, nikainywa polepole, nikiuchezesha ule uso wake kichwani kama mtu anayerudia mkanda.

Alikuja kesho yake asubuhi, peke yake, kwa buibui ya kawaida. Akavua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Umenivua nguo mbele ya mamangu."

"Ulikuja uchi," nikamwambia.

"Prodyuza alisema ukirefuka redio hazitaucheza. Nikakata. Na yule mtangazaji alinishtukiza, nikasema la kusema. Wallahi ndiyo yote. Ntaliweka jina lake. Ntaliimba mwishoni, ntaliandika kila mahali."

"Kwanza nipe kaseti yangu."

Akatazama vidole vya miguu yake, akasema utepe ulikatika studio, mashine iliumeza, na ulipovutwa ukatoka vipandevipande. Walichowahi kuchukua ni ule mlio wa pembe wa mwanzo, na kitu kingine ambacho mimi sikukitambua. "Kabla ya kiitikio kuna pumzi. Umeisikia? Si yangu. Ni yeye anavuta pumzi aanze. Ndiyo iliyobaki." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hayakuwa ya jukwaani. "Nikiuondoa wimbo hewani, na yeye ameondoka."

Ua wetu sasa ni gorofa ya vyumba vya kukodi, mahali pa mkeka pana mita za umeme. Kina mama wale wamelala makaburini, isipokuwa wawili ambao siku zao tunazihesabu kwa kuogopa. Picha ya Nyanya ninayo moja, ya kitambulisho, mdomo umefungwa. Na nje, kila duka, kila simu, alikuwa anavuta pumzi kwa ajili ya watu wasiomjua, na mtu mmoja tu aliyejua ni nani aliwaambia hana mwenyewe.

Jina ndilo nililokuwa nimelitaka, na jina alikuwa amelileta mpaka kitini kwangu. Ningeweza kunyoosha mkono tu.

"Uondoe," nikasema.

"Wimbo mzima?"

"Mzima. Leo."

"Hutamsikia tena. Wewe pia."

"Nimesema uondoe."

Alisubiri, kama alivyozoea utotoni, nilainike. Nilikuwa nalainika kila mara; nilimpa hamri langu la mwisho, nilimpa beti zangu, nilimpa kaseti. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikageuza viatu vyake vikaelekea nje. Akavivaa bila kuketi, mkono mmoja ukutani. Akashuka ngazi ya kwanza, akageuka kama mwenye neno.

Nikaufunga mlango, nikatia komeo.