Gari Lisilojua Lilipo

Nikisimulia haya mbele za watu, hakosi mmoja wa kuniuliza kama siku ile nilikuwa nimekula kitu. Sikuwa nimekula kitu. Nilikunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na chapati moja, akili zangu timamu, na ilikuwa saa sita mchana, siku ya Ijumaa, jua limesimama utosini. Kama unataka kisa cha giza na bundi, kamtafute mwengine. Hiki ni cha mchana kweupe, na aliyeumia ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Mize, kwa hiyo usinichekee.

Kazi yangu ilikuwa kuliangalia gari lisilo na dereva. Najua, hata mama alicheka. Aliniuliza kama sasa nalipwa kwa kukaa. Lilikuwa gari dogo la umeme, la chuma tupu, halina usukani wala kiti, la kubeba magunia ya karafuu mbichi kutoka mashambani Wingwi hadi barabara ya lami. Kampuni iliyolileta siitaji. Tulikuwa wawili tu wa kulishughulikia, mimi na shemeji yangu Faki. Mimi nilishika tableti, yeye alishika mambo ya betri na magurudumu. Faki ni mtu mpole hata anaudhi. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayeomba radhi.

Sasa nikueleze kitu kimoja, maana bila hicho hutanifuata. Gari la namna ile ukiliwasha halijui lilipo. Wewe ukiamka kitandani unajua ukuta uko wapi na mlango uko wapi. Lenyewe linaamka kipofu. Setilaiti zitaliambia, upo kiasi cha hapa, na kiasi hicho kinaweza kukosea hatua kadhaa. Tena likiwa limesimama, setilaiti haziliambii pua yake inatazama wapi. Kwa hiyo juu ya paa lina jicho linalozunguka na kurusha mwanga. Mwanga ukigonga kitu unarudi, na kila unaporudi linaweka nukta, mpaka nukta zote zinachora mti, ukuta, mtu. Halafu linachukua ule mchoro na kuulinganisha na ramani iliyotengenezwa kabla. Vikikubaliana, linajua lilipo na linakotazama, na hapo ndipo linapokubali kwenda. Visipokubaliana, linagoma. Ukichoka kungoja, unaweza kuligusia mwenyewe kwenye ramani kwa kidole, upo hapa, na ukavuta mshale, unatazama huku. Litakuuliza kama una hakika. Ukisema ndiyo, linakuamini.

Mashambani haliwezi kuanzia. Mikarafuu imepandwa safu kwa safu, zote zinafanana, na majani yanaficha mbingu. Wakubwa wakataka mahali peupe pa kuanzia safari. Nani aliyewaonyesha uwanja wa zamani wa mchezo wa ng'ombe? Mimi.

Uwanja ule nimeujua tangu mtoto. Walikuwa wakichezeshwa mafahali pale, zumari linalia, wanawake wanaimba, vijana wanawachokoza kwa nguo na kukimbia. Lakini ulikuwa na sharti lake. Hakuingizwa mnyama pale mpaka mtunzaji wa uwanja asimame ukingoni na kumtambulisha kwa sauti: huyu wa fulani, kaletwa na fulani, katoka mahali fulani, anaingilia upande huu na atatokea upande ule. Alikuwa akimwambia mwenye uwanja, na mwenye uwanja hakuwa mtu. Mtunzaji wa mwisho alifariki, mchezo ukahamia kwengine, pakaota majani. Ilibaki nguzo nene ya kufungia ng'ombe, basi.

Unadhani nilisahau sharti hilo? Sikusahau. Faki mwenyewe alinikumbusha asubuhi ile, tulipolishusha gari kutoka kwenye lori. Alisema, "Yakhe, chombo hatukitambulishi?" Nikamjibu kwamba gari si ng'ombe. Ukweli ni kwamba niliona haya. Wageni wa kampuni walikuwa waje saa nane, na mimi sikutaka mtu aje kusema fundi wa mashine za kisasa anazungumza na majani.

Tukaliwasha saa sita. Wanaume wote walikuwa wamekwenda msikitini na sisi tulipaswa kuwa huko. Hilo nalo nimelibeba.

Gari likakaa. Jicho linazunguka, linazunguka, na kwenye tableti maandishi mekundu yanasema halijajua lilipo. Dakika tano, dakika kumi. Nikalizima, nikaliwasha tena. Jasho linanitoka, na hasira zangu, wanaonijua wanajua, hazichelewi. Faki akainama juu ya bega langu. Kisha akaniambia taratibu, "Hebu tazama hapa. Hawa kina nani?"

Ramani ilikuwa inaonyesha uwanja mtupu, nguzo, na ukingo wa shamba. Zile nukta zilikuwa zinaonyesha kitu chengine. Uwanja mzima ulikuwa umezungukwa na watu. Wamekaa chini, bega kwa bega, mistari mitatu minne, watoto mbele. Niliinua macho. Hapakuwa na mtu, niamini, majani na jua tu. Nikatazama tena tableti. Walikuwepo, na hawakutikisika.

Nilisema jicho limeingia vumbi. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa.

Ndipo akaja yule mtu. Alitokea upande wa mikarafuu, wa makamo, mnene wa shingo, kikoi, kofia, kamba mpya begani. Hakutoa salamu. Umewahi kuona Pemba mtu mzima anakukuta njiani asitoe salamu? Akasimama mbele ya gari, hatua sita hivi, akalitazama.

"Hichi cha nani?"

"Cha kazi, mzee," nikasema.

"Chatoka wapi?"

"Mzee, tupishe. Tuna wageni wanakuja."

"Kimeingilia wapi na chatokea wapi? Hakuna ntu aloniambia." Hakupandisha sauti. "Nakuuliza kwa uzuri."

Faki akanigusa mkono. "Yakhe, mjibu tu mzee. Kwani kumjibu kuna tabu gani?"

Nilitaka kumjibu Faki jibu baya, nikaangusha macho kwenye tableti. Mimi nilikuwepo pale, kijitu cha nukta. Faki alikuwepo pembeni yangu. Na pale aliposimama yule mtu palikuwa na fahali. Nundu, pembe mbili zilizopanuka, kichwa kimeinama. Niliinua macho, nikaona mtu. Nikashusha, nikaona fahali.

Mwenye busara angekimbia. Mimi nilikasirika. Hofu ikinishika mimi hugeuka hasira, ndivyo nilivyo, na hasira hiyo imeniponza maisha yangu yote. Nikasema hakuna mshenzi wa kunizuia kazi yangu. Nikagusa ramani kwa kidole, upo hapa. Nikavuta mshale. Faki akasema, "Ngoja, ngoja kwanza, mshale umeugeuza." Likaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo.

Ni kweli niliugeuza. Nililiambia gari linatazama kusini na lilikuwa linatazama kaskazini. Lilipotaka kwenda mbele kwenye njia yake, likaona njia iko nyuma, likazunguka papo hapo kwa nguvu zake zote. Ubavu wake ukamfagia Faki miguuni. Akaanguka kwenye nguzo, na lile gari likamwendea, likambana pale kwenye kiuno, na magurudumu hayakuacha kuzunguka. Yanachimba udongo, yanasukuma. Nilisikia mfupa. Sauti ile siwezi kuifananisha na kitu na sitaki.

Tableti ilinitoka, kioo kikapasuka. Kitufe chekundu cha kulisimamisha kilikuwa nyuma ya gari. Nikakimbia. Nilikuwa nimebakisha hatua mbili yule mtu aliponijia.

Alinijia kwa kichwa. Nilichokiona kwa macho yangu ni mtu mwenye kofia anayeinama, lakini kilichonipiga hakikuwa kipaji cha uso wa mtu. Kiliniingia chini ya mbavu, kikaninyanyua, nikaona mbingu, nikaona majani. Nilipoanguka sikuwa na pumzi. Nikapapasa kiunoni, nikachomoa spana ya magurudumu aliyonipa Faki nimshikie, na aliporudi nikampiga nayo usoni. Nilimpiga kweli. Nilimpiga mara mbili, tatu, nikasikia jino, nikaona damu inamtiririka mpaka kwenye kikoi, na iliyonirukia mdomoni ilikuwa na harufu ya zizi. Hakushika uso wake. Alirudi nyuma, akachimba udongo kwa mguu, akaja tena. Mara hii alinikanyaga mkono. Vidole hivi viwili havikunji mpaka leo.

Na muda wote huo Faki alikuwa ananiita. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anaita jina langu tu, kidogo kidogo, na kila akiita damu inamtoka puani.

Yule mtu akanikalia, magoti yake yamenibana kifua. Akauliza tena, kwa sauti ileile ya mwanzo.

"Hichi cha nani?"

Nikamwambia. Nikataja kampuni. Nikamwambia kimetoka bandarini Mkoani, kimeingilia kusini, kitatokea kaskazini. Nilisema maneno yote ya mtunzaji, nalia, kama nilivyoyasikia utotoni.

"Kakileta nani?"

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana nikiwasimulia wengine, hata Mize, hapa huwa naparuka. Swali lilikuwa rahisi. Aliyewaonyesha wakubwa uwanja ni mimi. Aliyekataa kukitambulisha ni mimi. Aliyebonyeza ndiyo ni mimi. Na yule mtu alikuwa ananitazama, uso wake unatoka damu niliyoitoa mimi, na nilijua kwamba jina nitakalolitaja ndilo atakaloondoka nalo.

Nikasema, "Faki."

Akaniondokea kifuani. Akamtazama Faki, akatoa ile kamba begani, akaikunjua, akaenda kwenye nguzo. Sikuona alichofanya. Nilifumba macho, mwanamume mzima. Nilipoyafumbua hakuwepo, na gari lilikuwa limerudi nyuma peke yake na kusimama, limeelekea kaskazini sawasawa. Tableti iliyopasuka ilikuwa chini karibu na uso wangu. Maandishi yamekuwa ya kijani, limejua lilipo. Wale watu wa pembeni hawapo. Fahali hayupo. Kuna nguzo, kuna gari, kuna mtu mmoja amelala, ambaye ni mimi. Pale alipolala Faki, ambaye nilimwona kwa macho yangu, anapumua, hapakuwa na nukta hata moja.

Waliorudi msikitini ndio waliotubeba. Hospitali daktari aliyenishona ubavu aliniuliza ng'ombe wa nani. Nikamwambia nimeangukia chuma. Akanitazama, akaendelea kushona. Kampuni ilikuja kulichukua gari lake, ikaandika kwamba msimamizi aliingiza mwelekeo usio sahihi. Sikubisha. Ni kweli niliuingiza.

Faki hakufa. Nyonga iliunga, akatembea kwa gongo, watu wakashukuru Mungu. Lakini tangu alipotoka hospitali, kila alfajiri akiamka hajui alipo. Sisemi ana usingizi mzito. Anafumbua macho na hajui yuko nyumba gani, kijiji gani, wala uso wake umeelekea upande gani. Anageuza kichwa huku na huku, taratibu, anazunguka nacho. Halafu anakiinamisha. Akishakiinamisha, aliye karibu naye ajiangalie. Wiki ya kwanza alimvunja Mize mkono, Mize ambaye Faki hakuwahi kumtolea neno zito tangu amuoe. Akishajua alipo hulia, hula viapo, huomba radhi, na kesho yake ni hivyohivyo. Walimsomea, wakamfukizia udi, wakampeleka kwa waganga mpaka Chokocho huko kusini. Wapi.

Dawa ni moja tu, na niliigundua mimi. Awepo mtu amshike mabega kwa nguvu, amwambie: wewe Faki, upo Wingwi, nyumbani kwako, kichwa chako kiko mashariki, mlango uko mkono wa kulia. Amwambie kweli tupu. Ukikosea hata upande wa mlango, anazidi. Na kabla hayajamwingia lazima upigwe kidogo. Mimi nimeshatolewa meno mawili, na sikio hili la kushoto halisikii vizuri. Sijakosa alfajiri hata moja. Kaka mwengine angekuwa ameshamrudisha dada yake kwao zamani.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiwa na kazi ya mashine au ya jembe, ukiingia mahali pa watu, jitambulishe. Mashine ikikuambia haijui ilipo, usiiongopee kwa sababu una haraka. Na ukija kuulizwa nani kaleta, taja jina lako, hata kama umelaliwa kifuani na pumzi zinakuishia. Unaweza kufa. Kufa kuna mwisho wake.

Jana Mize aliniwekea uji baada ya kumlaza Faki, akanifuta damu ya mdomo kwa kanga yake. Akaniambia kwamba hajaona kaka mwenye moyo kama wangu, na kwamba Mungu atanilipa. Nikaunywa ule uji wote.